Barua ya wazi: Mahakama Maalum ya Katiba ipo kwenye kitabu, mlango wake uko wapi?

Kwenu Waziri wa Katiba na Sheria, Mwanasheria Mkuu wa Serikali na mwenzake wa Zanzibar, Spika wa Bunge na Spika wa Baraza la Wawakilishi,

Shikamooni waheshimiwa, na mlio wadogo kwangu hamjambo.

Mimi ni mama wa biashara ndogondogo, nimezaliwa Unguja nikaolewa bara, naishi Mbagala, nauza vitenge na vyombo vya plastiki. Sheria sijasomea. Ila kuna jambo la kisheria limenikaa kifuani toka 2012 na kila nikijaribu kulitoa halitoki, kwaiyo leo nimeamua kuliandika lote, mtanisamehe kama ntazunguka kidogo.

Mwaka huo nilikwenda nyumbani kumuuguza mama, wakati wa kurudi nikanunua TV na friji pale Darajani, nikalipa, nikapewa risiti, nikapakia kwenye boti kama watu wote. Nilipofika upande wa huku nikaambiwa nisimame pembeni, mzigo ulipiwe tena. Nikatoa risiti. Wakasema hiyo ni ya Zanzibar, huku unalipia tofauti ya kodi. Nikauliza jamani, nimetoka nchi gani nimeingia nchi gani? Yule ofisa hakuwa mkali, nikisema alikuwa mkali ntakuwa namsingizia, aliniangalia kwa huruma akaniambia mama hayo ni mambo ya Muungano, yanaamuliwa huko juu. Nikalipa. Hela yenyewe ndo ilikuwa ya kuongezea mtaji, wiki tatu nzima sikufungua biashara.

Lile neno "huko juu" ndo nikaanza kulitafuta. Nikanunua kitabu cha Katiba kwa muuza vitabu wa barabarani, kile cha karatasi laini, nikawa nasoma usiku watoto wakilala. Na mimi nilidhani sitakuta kitu, kumbe nikakuta! Ibara ya 125, "Mahakama Maalum ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano". Nikasema alhamdulillah, kumbe ipo. Nikamuuliza mtoto wa dada yangu alikuwa anasoma sheria chuoni, nikamwambia niandalie safari nijue hii mahakama iko mtaa gani, nipeleke risiti zangu mbili wanieleze. Akanyamaza kwenye simu. Alafu akanambia mama mdogo, hiyo mahakama haina jengo, haina jaji, haina karani, na toka iandikwe kwenye Katiba ya 1977 haijakaa hata siku moja.

Hata siku moja waheshimiwa.

Nikarudi kwenye kitabu nikasoma vizuri, ibara ya 126 mpaka 128, na ninaomba na wasomaji wengine wasome na mimi maana wengi wetu hatujui. Kazi ya mahakama hii ni moja tu, Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zikibishana kuhusu tafsiri ya Katiba basi ndo inaitishwa, na uamuzi wake ni wa mwisho. Nusu ya wajumbe wanateuliwa na serikali hii, nusu na serikali ile. Inakaa pale tu panapotokea ubishi. Na ili iamue kitu inatakiwa theluthi mbili ya wajumbe wa bara NA theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, sio theluthi mbili ya jumla. Piga hesabu, kila upande ukileta watatu, wawili tu wa upande mmoja wakigoma basi hakuna hukumu. Yani mnaita mahakama lakini imepangwa kama kikao cha kusuluhisha wakubwa, kila mtu na watu wake.

Na mimi mwenye friji? Mimi sina ruhusa. Mwananchi haruhusiwi kupeleka shauri pale, ni serikali mbili tu. Sasa serikali mbili zenyewe toka 1977 zinaongozwa na chama kimoja, CCM, viongozi wake wanakaa kwenye vikao vimoja Dodoma, nani atamshitaki nani? Wanaobeba ubishi wa Muungano kichwani ni sisi wa kwenye boti, na mahakama ya huo ubishi tumefungiwa nje.

Historia inasema kuna mara moja tu mtu alijaribu kweli. Mzee Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano. Wazee wetu wanaukumbuka mwanzo wa 1984, ile waliyokuwa wanaiita "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa". Jumbe alikuwa ameandaa hati ya kuhoji muundo wa Muungano, aipeleke kwenye mahakama hiyohiyo ya ibara ya 125. Hati ikajulikana kabla haijafika popote, ikasomwa kwenye kikao cha chama Dodoma, na Jumbe akaondoka na vyeo vyote. Kesi haikufunguliwa. Baba yangu alikuwa akilizungumza jambo hili kwa sauti ndogo mpaka anafariki. Mzee Jumbe mwenyewe alikwenda kuishi kimya Kigamboni mpaka alipofariki 2016.

Sisemi hati yake ilikuwa sahihi au haikuwa sahihi, hilo mimi sijui na ndo maana kuna majaji. Nasema swali la kisheria lilipaswa lijibiwe na majaji waliovaa majoho mbele ya watu, likajibiwa na kikao cha chama milango imefungwa. Na toka siku ile nani tena angethubutu? Kama Rais wa Zanzibar alipoteza kiti kwa kuandika hati tu.

Mnaweza mkasema mama unatukumbusha ya zamani. Haya twendeni mbele. Kuanzia mwishoni mwa 1997 walikamatwa Zanzibar wanachama wa CUF, chama cha upinzani, wakafika 18, kesi ya uhaini, kesi ambayo haina dhamana, wakakaa rumande miaka kwa miaka. Na swali kubwa la kesi yao lilikuwa nini? Kwamba je mtu anaweza kufanya uhaini dhidi ya Serikali ya Zanzibar? Zanzibar ni dola kamili au sio? Hilo ndo swali la Muungano kuliko maswali yote! Mahakama ya Rufani ilikuja kulijibu Novemba 2000, ikasema uhaini ni kwa dola yenye mamlaka yake kamili, ambayo ni Jamhuri ya Muungano, kwaiyo shitaka lile halisimami. Mwezi huohuo walikuwa wameshatoka. Nawaomba mkae na hili kidogo. Swali la serikali mbili, ambalo lina mahakama yake maalum kwenye Katiba, lilipitia mlango wa gereza, kwenye migongo ya watu 18 ambao watoto wao walikuwa wanakua bila kuwaona. Kama kungekuwa na mahakama iliyo wazi swali lingejibiwa na mawakili kwa makaratasi, asilale mtu hata usiku mmoja ndani.

Alafu ikaja 2008, Waziri Mkuu Pinda akasema bungeni Zanzibar sio nchi, mnakumbuka moto uliowaka, mpaka vijiweni huku Mbagala watu walikuwa wananiita "mama wa nchi isiyo nchi" na mimi nilikuwa silichukulii kama utani. 2010 Zanzibar ikarekebisha Katiba yake ikaandika kwamba Zanzibar ni nchi. Katiba mbili, kila moja inasema lake, mpaka leo zote zinatumika. Mafuta na gesi nayo hivohivo, yaliingizwa kwenye orodha ya mambo ya Muungano 1968, Wawakilishi wakataka yatoke 2009, ikaja sheria ya petroli 2015 ikaiachia Zanzibar isimamie yake, ila kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba bado yamekaa palepale, namba yake ipo, someni. Hakuna mahakama iliyoulizwa.

Badala ya mahakama tunayo kamati. Kamati ya kero za Muungano, wanakaa, wanapiga picha, tunaambiwa kero kadhaa zimetatuliwa. Sidharau, kuna kero kweli zimepungua na nawashukuru waliofanya ile kazi. Ila kamati haiandiki hukumu, waheshimiwa. Hukumu inakupa sababu, unaisoma, unaona jaji alifikiri nini, hata ukishindwa unajua umeshindwa kwa nini, na mwenzako mwakani akiwa na shida kama yako anaishika ile karatasi na kusema mbona fulani aliamuliwa hivi. Kamati ikimaliza kikao ndo imemaliza, mwenye friji wa kesho anaanza upya.

Kuna watakaoniambia mama, kwa mambo mengine ya Katiba mwananchi ana pa kwenda, aende Mahakama Kuu. Ni kweli, ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua kuilinda Katiba, na shauri la haki za msingi linasikilizwa na majaji watatu. Na wapo majaji waliofanya kazi mpaka ukisoma unalia. Jaji Mwalusanya 1990 kule Mwanza alisema mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba la urithi sawa na mwanaume, mila au sio mila. Mahakama Kuu 2016, kwenye kesi ya Rebeca Gyumi, ikasema vile vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti wa miaka 15 aolewe ni kinyume cha Katiba, serikali ikapewa mwaka mmoja ivirekebishe. Serikali ikakata rufaa, 2019 Rufani nayo ikasema hivohivo. Mwaka ule mmoja ukapita, na miaka mingine ikapita nyuma yake, na mimi nina wajukuu wa kike wawili.

Lakini nani wa kutukumbusha shida yenyewe kuliko Mchungaji Mtikila, Mungu amrehemu. Alitaka kitu kidogo tu, mtu agombee bila chama. Akashinda Mahakama Kuu 1994 mbele ya Jaji Lugakingira. Mlifanya nini? Bunge likabadilisha Katiba yenyewe ili ushindi wake usiwe na kazi. Akarudi tena mahakamani, 2006 akashinda tena. 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba, ikasema hili ni la kisiasa liachiwe Bunge, yani aliyeshitakiwa ndo aachiwe aamue. Mzee wa watu akachukua mafaili yake akaenda Arusha kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Juni 2013 akashinda mara ya tatu. Na 2015 akafa kwenye ajali barabarani bila kumuona mgombea binafsi hata mmoja. Novemba 2019 nchi yetu ikaondoa ile idhini ya mwananchi kwenda mwenyewe kwenye mahakama ya Arusha, mahakama ambayo iko kwenye ardhi yetu, tunaipita na basi. Kabla mlango haujafungwa kabisa, Julai 2020, ilikuwa imeshasema pia kwamba ile ibara ya 41(7), inayokataza mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais akishatangazwa, inavunja haki. Nayo ipo vilevile.

Miaka ishirini mtu anashinda na hapati. Kwa hiyo mtu akiniambia "mama mahakama zipo" namjibu zipo, ila ile ya mwisho kabisa, ya kuiangalia Katiba yenyewe na kuwaambia Bunge na Serikali hapa mmevuka, na wao wakakubali, hiyo ndo hatujaijenga.

Wenzetu wanayo na sio matajiri kutuzidi sana. Benin mwananchi yeyote anaweza kuandika kwa Mahakama ya Katiba akasema sheria hii inavunja Katiba, mwenyewe, bila kuwa waziri. Niliposoma hilo nilikaa kitako, nikasema kumbe mimi ningezaliwa Benin barua hii ingekuwa na anwani. Malawi, Februari 2020, majaji watano walifika mahakamani kwa ulinzi wa jeshi wakasoma hukumu masaa na masaa, matokeo ya urais ya 2019 yakafutwa, yale yaliyokuwa yamepakwa wino mweupe wa kufutia, uchaguzi ukarudiwa Juni na nchi ikabaki Malawi ileile. Kenya hapo jirani, Septemba mosi 2017, Jaji Mkuu Maraga na wenzake, kwa kura nne dhidi ya mbili, wakafuta ushindi wa Rais aliyeko madarakani, mara ya kwanza Afrika. Rais akawaita wakora, akakasirika kweli, ila akatii akarudi kuomba kura.

Na sitaki kuwadanganya kwamba jengo linatosha. Kenya hiyohiyo, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, kesi ya kuusimamisha ilipangwa na majaji waliofika walikuwa wawili tu, haikusikilizwa, na jioni ya kuamkia siku hiyo dereva wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi. Burundi 2015 ni mbaya zaidi, wanayo Mahakama ya Katiba, ina jina na ina muhuri, ikaruhusu Rais Nkurunziza agombee muhula wa tatu, na Makamu wa Rais wa mahakama hiyo akakimbilia Rwanda akisema majaji walitishwa. Wengi mnawajua Warundi waliokuja kambi za Kigoma baada ya pale, baadhi ndo wateja wangu mpaka leo. Mahakama ya Katiba yenye majaji wenye hofu inaweza kuwa mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana inaipa dhuluma muhuri.

Kwaiyo ninachoomba sio jina jipya kwenye ubao.

Naomba ibara za 125 mpaka 128 zifunguliwe. Iwe ni Mahakama Maalum ya Katiba inayokaa mwaka mzima, au iwe ni ile Mahakama ya Juu iliyopendekezwa na Tume ya Jaji Warioba ya Mabadiliko ya Katiba kwenye rasimu ya 2013, ambayo hata Katiba Inayopendekezwa ya 2014 iliiacha humo kabla kura ya maoni ya Aprili 2015 haijaahirishwa, mimi sigombani na jina. Ninachotaka ni mwananchi aingie kwa miguu yake. Majaji wasiwe wa kwenu nusu na wa kwao nusu kama timu za mpira, watafutwe kwa uwazi, waulizwe maswali hadharani tuwaone, wakae muda unaojulikana na wasiweze kuongezewa wala kupunguziwa na yule wanayemhukumu. Hukumu yao ipewe tarehe, na ikifika hiyo tarehe Bunge halijarekebisha basi kile kifungu kife chenyewe, sio wajukuu zangu waendelee kuishi chini ya kifungu kilichohukumiwa 2016. Na 41(7) itoke. Mgombea anayeamini kaibiwa apewe siku zake chache mbele ya majaji, ashinde au ashindwe, watu wasome sababu waende kulala, ni bora mara mia kuliko tulivyozoea kuona watu wanakwenda barabarani na wengine hawarudi.

Kwenu wanasheria wakuu wawili nina ombi dogo la peke yenu. Wala halihitaji Katiba mpya. Mnayo mambo ambayo mnajua kabisa hamkubaliani, Katiba ya 2010 ya Zanzibar na Katiba ya Muungano zinagongana, kila mwanafunzi wa sheria anajua. Chagueni hata moja, dogo, lisilo na hasira, liwe hilo la ushuru wa bidhaa kwenye boti, muitishe hiyo mahakama kwa mara ya kwanza. Mkodi ukumbi, Dodoma au Unguja, mtuwekee na viti vya wananchi nyuma. Hakuna atakayepoteza cheo safari hii, hilo mnaweza kulihakikisha nyinyi wenyewe. Nchi itaona serikali mbili zinabishana kwa heshima mbele ya majaji na jua linazama kama kawaida.

Mkiitisha naomba nipate taarifa, ntafunga duka ntakuja. Risiti zote mbili za ile friji ninazo, moja ya Unguja moja ya huku, nimezibana kwenye kitabu cha Katiba ukurasa wa ibara ya 126, wino umeanza kufifia ila tarehe bado inasomeka.

Ni mimi mwananchi wenu,
Mama wa vitenge, Mbagala